Breki Zinazokwaruza: Somo Kutoka Gari la Nyumbani

Muhula uliopita mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike maneno machache juu ya msuguano, kwa kuwa ndilo somo lililowatatiza wengi katika mtihani wa Kidato cha Pili. Niliahidi, kisha nikakaa kimya, maana sikuwa na la kusema ambalo halimo katika kitabu cha Fizikia. Likizo ya mwezi wa Juni ikaja, ikanipa la kusema. Basi, wasomaji wenzangu, nawaandikia habari za breki za gari la nyumbani kwetu: jinsi zilivyoanza kukwaruza, jinsi nilivyokosea kutambua ugonjwa wake, na jinsi zilivyotengenezwa. Atakaye hesabu peke yake na azitafute huko chini; lakini namshauri asiruke mengine.

Kwetu ni Korogwe. Baba ana gari la familia la namna ile ya kimo, lenye mlango mpana kwa nyuma na viti vya watu saba, ambalo lilifika nchini likiwa limekwisha kutumika ng'ambo. Mwezi ule Bibi yetu mzaa baba, akaaye milimani juu ya Lushoto, alikuwa amepewa siku ya kupasuliwa mtoto wa jicho huko Tanga. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Alikuwa ameingoja miezi mingi, na jicho la pili lilikuwa limekwisha kuingia ukungu. Hivyo ilitupasa tupande Jumamosi, tulale, na Jumapili tushuke naye.

Aijuaye barabara ya Mombo na Lushoto hataniuliza kwa nini nalitaja jambo hili. Ni kama kilomita 33 za lami nyembamba inayojipinda kandokando ya genge, kupitia Soni, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Kupanda kwataka injini. Kushuka kwataka breki.

Sauti ile niliisikia kwanza asubuhi moja baada ya mvua ya usiku, wiki moja kabla ya safari. Baba alipokuwa akilitoa gari uani na kukanyaga breki mlangoni, gurudumu la mbele lilitoa mkwaruzo kama wa jembe likiburutwa juu ya saruji. Baba akanigeukia, akasema, "Haya, wewe msomi wa sayansi, hiyo ni nini?" Nikajibu pale pale bila kufikiri, "Ni kutu tu, Baba. Diski zimelowa usiku. Itaondoka ikisuguliwa."

Sasa tazameni. Jibu lile halikuwa la uongo. Diski ya breki ni chuma cha kalibu kisichopakwa rangi mahali pa kusuguliwa, nayo ikilowa hushika kutu nyekundu kwa usiku mmoja. Gari likianza kwenda, pedi huifuta kutu hiyo, na wakati wa kuifuta hukwaruza. Lakini kutu ya usiku mmoja huondoka kwa kukanyaga breki mara tatu au nne. Mimi nilitoa jibu, nikaenda zangu sokoni, wala sikungoja kuona kama sauti itaondoka. Nilijipa alama zote kabla ya mtihani kusahihishwa.

Mama ndiye aliyenisahihisha. Yeye ndiye aliendeshaye gari zaidi ya sote. Hata Alhamisi jioni akasema mezani, "Mwanangu, ile kutu yako haijaisha. Tena imekuwa nzito. Naisikia mpaka kwenye pedali." Akaongeza jambo ambalo sikulijua: kwamba mwezi uliotangulia gari lilikuwa likilia sauti nyembamba kila akikaribia kusimama, kama filimbi, kisha likanyamaza lenyewe, naye akashukuru.

Baba akachukua tochi, akachuchumaa, akamulika katikati ya matundu ya ringi. Nami nikachungulia. Pedi ilionekana wazi, unene wake kama milimita 6. "Pedi bado ipo," akasema Baba. "Zingekuwa zimekwisha tungeona chuma." Nikaafiki. Mama hakuafiki. Alisema yeye hashuki Soni na mama mkwe wake, na watoto wawili wadogo nyuma, kwa breki zenye kunung'unika. Kama ni lazima, atapanda basi. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nikatumwa kwa mzee fundi, jirani yetu, ambaye ujana wake aliumalizia katika karakana ya shamba moja la mkonge.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mama mkubwa yule gari wenu analia nini?" Ndivyo asemavyo, kwake magari yote ni watu.

Nilidhani atakuja na sanduku la spana. Alikuja mikono mitupu, akaketi kiti cha mbele karibu na Baba, akasema, "Twende polepole, na dirisha zote zifunguliwe." Tukazunguka mtaa karibu nusu saa. Somo lote la kutambua ugonjwa wa breki nililipata katika nusu saa ile, na nitajaribu kuliandika kama nilivyolielewa.

Swali lake la kwanza lilikuwa hili: sauti yaja wakati wa kukanyaga breki tu, au hata usipokanyaga? Ikiwa yaja hata usipokanyaga, na hubadilika kwa mwendo wa gurudumu, kwaru, kwaru, kwaru, basi huenda kokoto imenaswa baina ya diski na lile bati jembamba la kukinga vumbi lililo nyuma yake, au bati lenyewe limepinda likagusa. Barabara zetu za changarawe huleta jambo hili mara nyingi, na mtu aweza kuogopa bure. Fundi humrudisha gari nyuma taratibu na kupiga kona, na mara nyingine kokoto huanguka yenyewe.

La pili: je, ni mkwaruzo au ni mvumo? Beringi ya gurudumu iliyochoka huvuma kama nyuki ndani ya debe, mvumo hupanda kwa kadiri mwendo unavyopanda, na hubadilika gari likipinda, kwa sababu uzito wa gari huhamia upande mmoja. Pedali ya breki haibadilishi mvumo huo. Hapa Fundi alimwambia Baba apinde kushoto, kisha kulia, bila kugusa breki. Kimya. Beringi ikaondolewa katika orodha ya washitakiwa.

La tatu, je, ni mbele au nyuma? Magari mengi ya namna yetu yana diski mbele, na nyuma mengine yana diski, mengine yana dramu yenye viatu vya breki ndani yake. Fundi alimwambia Baba avute breki ya mkono kidogo kidogo gari likitambaa, kwa kuwa breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Kimya tena. Kwa hiyo nyuma palikuwa salama, na mshitakiwa yuko mbele.

Kisha Baba akakanyaga breki kama kawaida, na sauti ikaja, nzito, upande wa kulia. Usukani ukajivuta kidogo kuelekea kushoto. Fundi akatikisa kichwa. Gari huelekea upande wenye breki nzuri. Upande ule mwingine ndio mgonjwa.

Nitaje na sauti moja zaidi isije ikawatia hofu wengine. Gari lenye mtambo wa kuzuia magurudumu yasikwame, ule uitwao ABS, likikanyagwa breki kwa nguvu juu ya changarawe au lami yenye mchanga, hutoa sauti ya kusaga, na pedali hupigapiga wayo wa mguu. Huo si ugonjwa. Ni mtambo unaofanya kazi yake, na dereva asiinue mguu.

Tulipofika nyumbani Fundi aliikaribisha kiganja chake kwenye ringi la kulia bila kuligusa, kisha kwenye la kushoto. La kulia lilikuwa la moto zaidi. Akasema neno moja tu: "Limeng'ang'ania." Ndipo akanituma nikalete sanduku.

Habari ya kuinua gari nitaieleza kwa urefu, maana nimewaona vijana wakifanya vibaya. Gari liliwekwa mahali tambarare, penye ardhi ngumu. Breki ya mkono ilivutwa, na mawe mawili makubwa yakawekwa nyuma ya magurudumu ya nyuma. Nati za gurudumu zililegezwa kwanza gari likiwa bado chini, kwa sababu likiisha inuliwa gurudumu huzunguka, na nguvu ya kulegeza nati yaweza kuliangusha gari kutoka kwenye jeki. Kisha jeki ikawekwa mahali palipoonyeshwa na kitabu cha gari, na baada ya kuinua, stendi ya chuma ikasukumwa chini ya fremu. Jeki ni ya kuinulia. Si ya kutegemea. Fundi aliniuliza, "Jeki inashikilia kwa nini?" Nikajibu, "Kwa mafuta yaliyomo ndani." Akasema, "Na mafuta huvuja." Gurudumu lililotolewa nalo lililazwa chini ya ubavu wa gari, ili likianguka liangukie gurudumu, si mtu.

Gurudumu lilipotoka tuliona diski, na juu yake kalipa imeikumbatia kama mkono wa mtu ushikavyo sahani. Fundi akafungua boliti ya chini, akaiinua kalipa juu, akaifunga kwa waya kwenye springi. Aliifunga kwa waya kusudi isining'inie kwa mpira wa breki, maana mpira ukivutwa hupasuka ndani pasipoonekana. Akazichomoa pedi mbili, akanipa mkononi.

Pedi ya nje, ile tuliyoimulika kwa tochi, ilikuwa na milimita 6 kamili. Pedi ya ndani, ile isiyoonekana kwa matundu ya ringi, haikuwa na kitu. Nyama yake yote ilikuwa imekwisha, limebaki bamba la chuma tupu linalong'aa kama kisu kilichotoka kunolewa. Chuma juu ya chuma. Baba aliigeuza mkononi mara mbili tatu, akaenda kukaa kizingitini bila kusema neno.

Kwa nini moja iliisha na nyingine ikabaki? Hapo ndipo ilipo Fizikia yenyewe. Kalipa ya namna hii ina pistoni upande mmoja tu, upande wa ndani. Ukikanyaga breki, mafuta huisukuma pistoni, nayo huibana pedi ya ndani juu ya diski. Walakini kila kani ina mwenzake wa upande wa pili, kama alivyotufundisha Newton: pistoni ikisukuma kwenda nje, mwili wa kalipa husukumwa kwenda ndani, ukiteleza juu ya pini mbili, na huivuta pedi ya nje nayo ikaibana diski. Hivyo pistoni moja hufanya kazi ya mbili. Lakini pini zikikwama, kalipa haitelezi. Pedi ya nje haivutwi sawasawa, kazi hubaki kwa ya ndani, tena dereva akiinua mguu ile ya ndani haiachii vizuri, bali huendelea kusugua mchana kutwa. Pini yetu ya chini ilikuwa imeshika kutu, na mpira wake wa kukinga vumbi ulikuwa umechanika. Fundi aliitoa kwa nyundo na koleo.

Na ile filimbi aliyoisikia Mama? Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma cha springi, uliowekwa kusudi. Nyama ya pedi ikibaki kama milimita 2 au 3, ulimi hugusa diski na kulia. Huo ni ujumbe: badilisha sasa. Ulimi wa pedi yetu ulikuwa umelika hata ukavunjika, ndiyo maana ulinyamaza. Kulia kulikuwa onyo. Kukwaruza ni hasara iliyokwisha kuingia.

Sasa hesabu niliyoahidi. Chukueni gari letu pamoja na watu na mizigo, tuseme kilogramu 1,800. Likienda kwa mwendo wa meta 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, nishati yake ya mwendo ni nusu ya 1,800 mara 20 mara 20, yaani jouli 360,000. Likienda nusu ya mwendo huo, nishati si nusu, bali robo: jouli 90,000. Breki haiwezi kuiharibu nishati hiyo. Huigeuza kuwa joto. Tukisema sehemu 70 katika 100 hufanywa na breki za mbele, diski mbili za mbele hupokea jouli 252,000. Kila diski ikiwa na kilogramu 7, na chuma kikitaka jouli 460 kupandisha kilogramu moja kwa nyuzi 1, joto litapanda nyuzi 39 kwa kusimama mara moja tu. Ukisimama mara kumi mfululizo bila kuziacha zipoe, fanyeni wenyewe.

Tena chukueni mlima. Kutoka Lushoto hata Mombo ni kushuka zaidi ya mita 900. Uzito mara kimo, yaani 1,800 mara 10 mara 900, ni jouli 16,200,000. Joto hilo latosha kuchemsha lita 51 za maji zilizokuwa na nyuzi 25, kama ndoo mbili na nusu za lita 20. Upepo na matairi huchukua sehemu yake, na injini huchukua nyingine ukitia gia nzito. Dereva ashukaye kwa gia nyepesi na mguu juu ya breki ameamua kuzipikia pedi zake ndoo zote zilizobaki.

Sijasema bado jinsi mguu wa mtu unavyoweza kulisimamisha gari zito kiasi hicho. Ni kanuni ya Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi mwaka 1623 hata 1662: mgandamizo juu ya kioevu kilichofungiwa huenea sawa kila upande. Mguu ukisukuma kwa nyutoni 200, na pedali ikiwa wenzo wa kuzidisha mara 4, masta silinda hupata nyutoni 800. Eneo la pistoni yake likiwa sentimita za mraba 4, mgandamizo ni nyutoni 200 kwa kila sentimita ya mraba. Pistoni ya kalipa ikiwa na eneo la 24, itasukuma kwa nyutoni 4,800, tena kabla ya kuhesabu msaada wa busta. Lakini haya yote yategemea kioevu kisichobanika. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani mwaka hata mwaka. Mafuta mapya yaandikwayo DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230; yakiisha kunyonya maji yaweza kuchemka kwa nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na pedali huzama mpaka sakafuni. Kwenye tambarare ni aibu. Pale juu ya Soni ni jambo jingine.

Turudi uani. Fundi alipangusa diski kwa kitambaa chenye maji. Hakupuliza vumbi kwa mdomo, wala hakuniruhusu mimi, kwa sababu pedi na viatu vya breki vya zamani vilitiwa asbesto, ambayo huharibu mapafu, na vumbi huwezi kuliuliza limetoka pedi gani. Upande wa ndani wa diski ulikuwa umechimbika mifereji, ukucha ukipita unakwama. Ukingoni mwa diski pamegongwa herufi na tarakimu: unene usiopungua milimita 23. Nikaleta maikromita. Nilipima mahali sita, na mahali pembamba palikuwa 22.3. Ya kushoto ilikuwa 24.2.

Hapa palizuka maneno. Baba alitaka tubadilishe pedi tu, kwa kuwa fedha zilizokuwapo zilikuwa za dawa na malazi ya Bibi. Akauliza kama diski haiwezi kuchongwa kwenye mashine ikawa laini. Fundi akasema kwa upole, "Baba, ukiichonga itazidi kuwa nyembamba. Hii imekwisha pita mpaka." Akaeleza kwamba diski nyembamba ina chuma kichache cha kupokea joto, hupata moto upesi na yaweza kupasuka, na pedi mpya juu ya mifereji hugusa vilele tu, kisha huliwa upesi. Baba akauliza tena, "Basi tununue moja, ya kulia?" Fundi akakataa. Breki za mhimili mmoja hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia, ama sivyo gari litajivuta upande mmoja siku ya kukanyaga kwa nguvu.

Mama aliingia ndani akatoka na fedha zake za kikoba, akazihesabu juu ya boneti, wala hakusema lolote juu ya tochi ya Baba au kutu yangu. Ningependa angesema.

Diski mbili, pedi nne, na mipira ya pini vilikuja kwa basi kutoka Tanga Jumamosi adhuhuri. Safari ikasogezwa: tutapanda Jumapili alfajiri na kushuka siku ile ile.

Kazi ya kurudisha haikuwa ndefu, ila ilikuwa na mitego. Pini zilisuguliwa kwa brashi ya waya na msasa mwembamba, zikapakwa grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi haifai hapo, maana huvimbisha mipira. Diski mpya hupakwa mafuta kiwandani zisishike kutu, kwa hiyo tulizifuta mpaka kitambaa kikatoka safi; tone moja la mafuta juu ya pedi latosha kuharibu kazi yote. Pistoni ilisukumwa irudi ndani kwa klampu, pedi kuukuu ikiwa katikati, polepole, na mimi nikiwa na kazi ya kutazama kopo la mafuta ya breki lisifurike. Wengi hawajui jambo hili: pedi zikilika, mafuta hushuka koponi bila kuvuja popote, kwa sababu pistoni zimesogea mbele na kuacha nafasi nyuma yake. Mwezi wa Mei Baba aliona mafuta yamepungua akaongeza. Gari lilikuwa limemwambia, naye akalijibu kwa chupa.

Mafuta yenyewe yalikuwa meusi kama chai ya rangi, tukayabadilisha yote na kutoa hewa. Mimi nilikaa kwenye pedali. Fundi akisema "kanyaga" nakanyaga na kushikilia, anafungua nipeli, mafuta na viputo vinatoka kwa mrija mwangavu kuingia kwenye chupa, anafunga, ndipo asema "achia." Ukiachia kabla hajafunga, gari huvuta hewa, na mwanzo tena. Niliachia mapema mara mbili.

Nati zilikazwa kwa mtindo wa nyota, si kwa kuzunguka, hata ringi likakaa sawa. Kwa magari mengi ya kadiri hii hutakiwa kama nyutoni-mita 100. Spana yenye nusu mita ikisukumwa kwa nyutoni 200 hutoa hizo hasa, wala hakuna haja ya kuruka juu yake. Kisha, kabla gari halijasogea hata shubiri moja, Fundi alimwamuru Baba akanyage pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza ilizama mpaka chini, kwa sababu pistoni zilikuwa bado nyuma. Mtu akisahau hatua hii na kutia gia, hana breki, na ukuta uko mbele.

Jioni ile tulizifunza breki. Kwenye njia tupu Baba alikwenda kilomita 60 kwa saa akapunguza hadi 15 bila kusimama kabisa, akaziacha zipoe kwa mwendo, akarudia mara kumi. Hivyo pedi na diski huzoeana. Harufu ya kuungua kidogo ilitoka, kisha ikaisha. Sauti haikuwapo.

Jumapili tulishuka na Bibi kwa gia ya pili, nyuma yetu basi likipiga honi ya kutaka njia, na Mama akiwa usukani hakulijali. Soni tulisimama, nikateremka nikazunguka gari nikikaribisha kiganja kwenye kila ringi. Mombo nikafanya vile vile. Ya kulia na ya kushoto zilikuwa sawa. Bibi, kwa jicho lake moja lililobaki na nuru kidogo, alinitazama muda, kisha akamwuliza Mama kwa Kisambaa kwa nini mjukuu wake anayasalimu magurudumu.

Pedi ile ya ndani nimekuja nayo shuleni. Imo katika kabati la maabara ya Fizikia, rafu ya pili, karibu na mizani, pamoja na mwenzake wa nje. Atakaye kuzilinganisha amwombe mwalimu wa zamu ufunguo.